Ordinateri Haijui Mvua ya Bukavu

Tunasikia kila mara maneno mawili kuhusu nyumba zetu, na yote mawili tunayakataa. Wazee wanalalamika kwamba ordinateri imeua nyumba ya mababu. Vijana waliosoma ujenzi wanajibu kwamba nyumba ya mababu ilikuwa majani tu, na kwamba leo paa linachorwa na programu: unabonyeza, linatoka. Wazee wanashitaki asiye na kosa. Vijana nao wanajisifia kazi ambayo hawakuifanya.

Tuangalie kwanza ile nyumba. Nyumba ya zamani ya Bushi ilikuwa ya mviringo, majani tangu kileleni mpaka karibu na chini. Majani hayashindi maji kwa unene peke yake. Yanataka mwinamo mkali, nyuzi 45 ao zaidi, ili tone liteleze toka jani hadi jani mbele halijaingia ndani. Moshi wa moto wa katikati uliyakausha na kufukuza wadudu. Na kwa kuwa paa lilishuka chini, ukuta haukuloa. Yote hayo yalikuwa hesabu, hata kama hakuna aliyeiandika mu daftari. Tukisema desturi, wengine wanafikiri majani. Hapana! Desturi ni kujua maji yataangukia wapi.

Sasa tuketi mbele ya ordinateri. Katika Revit mtu anachora mzunguko wa nyumba, na kwa kila upande anapaswa kusema: upande huu una mwinamo, ndiyo ao hapana? Pande zote nne zikiwa na mwinamo, linatoka paa la miteremko minne; ukiuondoa kwa pande mbili zinazotazamana, unapata paa la miteremko miwili. Halafu ni nyuzi ngapi, na paa litoke nje ya ukuta kwa sentimeta ngapi. Ndugu msomaji, si ni yale yale maulizo ya mzee kwa kijana wake walipokuwa wanainamisha miti? Ila mzee alingoja jibu. Mashini haingoji: usipojibu, inaweka namba yake, iliyochaguliwa na watu wasiojua Bukavu iko wapi. Na kijana wetu anaiacha pale. Hapo njo kosa linaanzia.

Kwetu mvua inaanza Septemba na inafika Mei, na mitaa imepanda mulima. Ndani ya ekra hakuna mvua, hakuna mulima kama hukuuchora mwenyewe, hakuna jirani wa chini. Ndiyo sababu tunaona siku hizi zile nyumba za kuficha paa: ukuta unapanda juu, manjanja (yaani bati) yanalala nyuma yake karibu tambarare, maji yote yanaingia mu mfereji mmoja. Kwenye picha inapendeza, utasema ni Dubai. Lakini Dubai mvua ni ya siku chache kwa mwaka! Huku kwetu majani ya avoka yanaziba mfereji, maji yanarudi ndani na kufuata ukuta. Na yule aliyefupisha paa ili nyumba ijaze kiwanja, ukuta wake wa matofali ya udongo ao wa mbao unakunywa maji miezi yote hiyo, na michirizi yake inachimba msingi wa jirani. Ugomvi wa namna hiyo, nani hajausikia?

Watatuambia: mwinamo ni bei. Basi tuhesabu. Nyumba inayofunika meta 100 za mraba, kwa nyuzi 10 inataka karibu meta 102 za manjanja. Kwa nyuzi 30, karibu 115, bila sehemu zinazotoka nje wala zinazolaliana. Mbao za sharpanti zinaongezeka vilevile. Ni feza, hatukatai. Lakini programu ile ile inatoa hesabu hii mara moja ukibadili namba. Kijana angeweza kumuonyesha mwenye nyumba nyuzi 10, 20 na 30, naye achague akijua. Wangapi wanafanya hivyo? Wanamletea picha ya rangi, yenye gari mbele ya mlango.

Wala mashini haikatazi nyumba ya mviringo. Katika SketchUp unachora uso uliofungwa wenye ubavu wake uliopinda, unaupitisha juu ya duara, na nyumba inasimama mbele yako.

Hatuombi kurudi kwenye majani. Mtaani kwetu, nyumba kwa nyumba, moto mmoja ungemaliza wote. Tunaomba kwamba mwanafunzi wa ujenzi, mbele ya kuchora villa yake ya kwanza, aketi na mzee aliyewahi kuezeka, apime, aulize kwa nini. Chama chetu kina wazee hao, na wanapungua. Tunajua ordinateri mashuleni ni chache na umeme unakatika. Kwa siku ya kwanza daftari na penseli zinatosha. Umeme ukirudi, namba za mzee ziingie pahali pa zile zilizokutwa mu mashini.