Nyota za Hollywood na Waimbaji wa Masasi wa 1906

JICHO LA KUSINI
Na Mwana-Lulindi

Njia ya Nyota ya Hollywood, iliyomo katika jiji la Los Angeles nchini Marekani, hutofautiana na vivutio vingi vya mijini kwa kuwa anayeizuru hatazami juu kama afanyavyo mbele ya mnara, bali huinamisha kichwa na kusoma majina yaliyo chini ya viatu vyake. Majina hayo, ambayo sasa yanazidi 2,700, yameandikwa ndani ya nyota zenye pembe tano zilizopachikwa katika sakafu ya terazo, yaani saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe kisha ikasuguliwa hadi ikang'aa, na katika kila nyota kuna alama ndogo ya sanaa ya mhusika, kama vile kamera kwa watu wa filamu na santuri kwa wanamuziki.

Ujenzi wa njia hiyo ulianza mwaka 1960 kwa lengo la kuinua hadhi ya mtaa na biashara zake, na hadi leo wanaochagua wa kutunukiwa ni chemba ya wafanyabiashara wa hapo hapo. Msanii anayependekezwa sharti akubali heshima hiyo, na mdhamini wake, ambaye mara nyingi ni kampuni ya filamu au ya muziki, hulipa ada ambayo katika miaka ya karibuni imezidi dola 70,000 kwa ajili ya kutengeneza nyota, kufanya sherehe na kuitunza njia yenyewe. Utaratibu huo si wa siri wala si kosa, ila unaonyesha kwamba jina linaloonekana sakafuni limepimwa kwa sanaa na vilevile kwa nguvu ya wanaolitangaza. Tena mgeni akishasoma jina hana cha kusikiliza wala cha kutazama, na asiyemfahamu msanii huyo tangu awali huondoka bila kumfahamu.

Afrika Mashariki nayo inaanza kuwa na vivutio vya namna hiyo. Kundi la Queen lilipewa nyota yake Hollywood mwaka 2002, na mwimbaji wake Freddie Mercury, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Mwaka 2019 jumba la makumbusho yake lilifunguliwa Shangani, katika Mji Mkongwe, na watalii wengi hupita hapo kupiga picha. Heshima hiyo anaistahili, lakini ni vigumu kutoona kwamba Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu ya Kiswahili, hatafutwi na wageni hao kwa wingi kama anavyotafutwa kijana aliyeng'arishwa na London.

Kwa msomaji wa Lulindi, Masasi na Newala, huku kusini mwa Tanzania, suala hili liko karibu kuliko anavyodhani. Mwaka 1906, wakati Vita vya Maji Maji vilikuwa havijaisha, Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig nchini Ujerumani, alifika Masasi kisha akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala, akiwa na mashine ya kupigia picha za sinema pamoja na fonografu, chombo ambacho sauti iliyoimbwa kwenye pembe yake ilitikisa sindano na kuchora mfuo katika mche wa nta. Mche mmoja ulichukua dakika chache tu, na mwimbaji alilazimika kuukaribia mdomo wa pembe asiyumbe, jambo gumu kwa watu ambao kwao kuimba na kucheza havitenganishwi. Kitabu cha Weule kina picha ya Sulila, mwimbaji kipofu, akiwa nje ya boma la Masasi. Studio ya kwanza ya filamu ilifunguliwa Hollywood mwaka 1911. Kwa hiyo ngoma za kusini zilikwisha kunaswa na kamera kabla mtaa huo haujawa na studio hata moja.

Hata hivyo, kuiga njia ya Hollywood pale Masasi mjini hakutafaa, kwa sababu sanaa ya uwanda huu haikujengwa yote juu ya jina la mtu. Katika mapiko, ngoma ya vinyago ambayo huambatana na sherehe za jando na unyago, mchezaji hufunika kichwa kwa kinyago cha mti mwepesi na mwili kwa nguo, na mtazamaji hatakiwi kumtambua. Sindimba nayo, iliyosambaa nchini kote kupitia vikundi vya taifa na shule, ni mali ya vijiji vizima. Harmonize, mzaliwa wa Tandahimba anayejiita Konde Boy, angepata nyota yake bila shida, lakini wachezaji na wapiga ngoma waliomtangulia wasingepata hata kokoto.

Kinachohitajika, basi, ni mahali ambapo kazi yenyewe inaonekana na kusikika, ikitajwa kwa jina la mtu pale linapojulikana na kwa jina la kijiji pale ambapo mila inaficha jina. Uzoefu upo, kwani tamasha la MAKUYA la Mtwara limewahi kuwakutanisha wasanii wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao; na kinyago cha Kimakonde kilichoibwa katika Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 kilirejeshwa kutoka Geneva mwaka 2010 baada ya mazungumzo marefu. Kuomba nakala za sauti na picha za 1906 zilizohifadhiwa Ujerumani ni kazi nyepesi kuliko kudai kinyago, kwa kuwa anayetoa nakala hapungukiwi na kitu. Halmashauri za Masasi na Newala zingeweza kuandika barua ya pamoja na kutenga chumba kimoja chenye vipaza sauti, ambamo mwanafunzi wa Lulindi atasikiliza sauti za mababu zake bila kuwa na mdhamini wa kumlipia.