Ruwenzori: theluji haingoji njia ya Mutwanga ifunguliwe

Ni miaka sasa tangu watalii waache kuondoka Mutwanga, katika eneo la Beni, kwenda kupanda mlima Ruwenzori. Vita ndiyo iliyofunga njia hiyo. Tangu mwisho wa mwaka 2020, vijiji vya sekta ya Ruwenzori vimeshambuliwa mara kwa mara na waasi wa ADF, watu wameacha mashamba yao ya kakao na kahawa, na wengi wamezika ndugu zao. Mbele ya msiba wa namna hiyo, kuzungumzia theluji kunaweza kuonekana kama mchezo wa watu walioshiba. Lakini siku njia itakapofunguliwa, na kila serikali imeahidi kwamba itafunguliwa, mlima utakaowapokea wapandaji hautakuwa ule ulioachwa. Katika mipango ya kufufua utalii Kivu Kaskazini, jambo hilo halisemwi.

Wakongomani wengi wanajua Ruwenzori kwa jina tu. Kilele chake cha juu, Margherita, kina mita 5.109 na ni cha tatu kwa urefu barani Afrika, baada ya Kilimanjaro na mlima Kenya. Kiko juu ya mpaka kabisa, mguu mmoja Kongo, mwingine Uganda. Pembeni yake kuna Alexandra, na upande wa Kongo kuna Albert, kilele ambacho msafara wa Wabelgiji ulikifikia mwaka 1932. Majina hayo ni ya malkia na mfalme wa Ulaya. Wenyeji, Wanande na Wakonjo, walikuwa na jina lao kabla ya hapo: Rwenzururu, kutoka neno nzururu, yaani theluji. Wazee waliiheshimu theluji hiyo kama makao ya Kitasamba, mungu wa mlima, na hawakuikaribia ovyo.

Kwa kawaida mtu akiuliza ni lini apande, anajibiwa kwa kalenda: mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili, au mwezi wa sita hadi wa nane, wakati mvua inapungua. Jibu hilo si la uongo, ila lina upungufu mkubwa. Ruwenzori haina kiangazi kama kile cha Lubumbashi, ambako miezi inapita bila tone. Huku kiangazi maana yake ni mvua kidogo kuliko kawaida. Mawingu yanapanda kutoka bonde la Semliki na msitu wa Ituri, yanagonga ukuta wa mlima na kumwaga maji yake hapo hapo. Asubuhi kilele kinaonekana saa moja au mbili, kisha kinafunikwa mpaka jioni. Mpandaji aliyebeba nguo za siku tatu za jua atalowa siku ya kwanza.

Njia ya Mutwanga inajulikana kwa ukali wake. Inaanzia chini kabisa, penye migomba na michikichi, inaingia msituni na kufika Kalonge, mita zaidi ya 2.000. Kutoka hapo mianzi, kisha miti ya erika iliyofunikwa ndevu za kijani, mpaka kibanda cha Mahangu, yapata mita 3.300. Kufika Kyondo, mita zaidi ya 4.000, mguu umezama katika tope na kuvu kwa saa nyingi, na ni hapo ambapo wengi wanagundua kwamba buti za mpira, zile za kulimia, zina thamani kuliko viatu vya bei vilivyonunuliwa dukani Ulaya. Mbele ya Kyondo kuna maziwa matatu, la Weusi, la Kijani na la Kijivu, na miamba yenye utelezi inayopitwa kwa kushika kamba. Baada ya hapo ndipo mtu anakutana na barafu.

Sehemu hiyo ya juu inahitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu ndiyo inayoua. Theluji ya Ruwenzori si ile ya Ulaya, inayoanguka miezi mitatu na kukaa mpaka jua la masika. Mlima uko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Huku theluji inaweza kuanguka mwezi wowote, mara nyingi usiku, na asubuhi hiyo hiyo jua likipanda juu ya kichwa inaanza kuyeyuka. Kila usiku ni baridi inayogandisha maji, na kila mchana ni joto linaloyalegeza. Kwa hiyo waongozaji wanawaamsha watu saa nane au tisa za usiku. Hilo wageni wengine hudhani ni desturi tu, au ukali wa mwongozaji. Sababu ni kwamba kabla ya mapambazuko theluji ni ngumu, meno ya chuma yaliyofungwa chini ya viatu yanashika, na mawe yaliyogandishwa ukutani hayaporomoki. Kufikia saa tano ya asubuhi mambo yote hayo yamegeuka: theluji imekuwa uji, maji yanapita chini yake, na jiwe lolote linaweza kuachia.

Halafu kuna udanganyifu ambao hata wapandaji wenye uzoefu wa milima mingine hawautegemei. Wakati wa masika, theluji mpya inafunika nyufa za barafu. Mpandaji anaona uwanja mweupe, laini, anaukanyaga, na chini yake kuna shimo la mita nyingi. Kiangazi kinapokuja theluji hiyo inaondoka na nyufa zinaonekana wazi, jambo zuri. Lakini hapo barafu inabaki tupu, ngumu kama kioo, na anayeteleza hana kitu cha kumsimamisha isipokuwa kamba na mwenzake. Kila msimu una mtego wake. Anayesema kwamba mwezi wa saba ni salama na mwezi wa nne ni hatari amesema nusu ya habari.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakijulikana zamani. Kilichoongezeka ni kwamba barafu yenyewe inaondoka. Mwaka 1906, wakati mwanamfalme wa Kiitaliano, Luigi Amedeo, alipopanda na kuchora ramani, barafu ya Ruwenzori ilifunika kilomita za mraba sita na zaidi, juu ya milima sita ya safu hiyo. Vipimo vya mwaka 2003 vilikuta haifiki hata kilomita ya mraba moja. Mwaka 2021 shirika la Umoja wa Mataifa la hali ya hewa, WMO, lilitangaza kwamba barafu zote za Afrika, yaani za Kilimanjaro, mlima Kenya na Ruwenzori, zinaweza kuisha katika miaka ya 2040. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu Mutwanga huenda akaiona theluji inayoanguka usiku na kuyeyuka mchana, lakini barafu ya kudumu ataihadithiwa.

Kwa mpandaji, kupungua huko hakurahisishi njia. Watu wa mjini hudhani barafu ikipungua mlima unakuwa mwepesi. Ni kinyume. Barafu inaposhuka inaacha nyuma yake mwamba uliosuguliwa, wenye maji, na kokoto zisizoshikana. Pale palipokuwa na mteremko wa kupanda polepole panabaki ukuta. Barafu iliyokuwa kipande kimoja inakatika vipande, nyufa zinapanuka, na daraja la theluji lililovuka watu mwaka mmoja halipo mwaka unaofuata. Upande wa Uganda, ambako watalii wanaendelea kupanda, waongozaji wamelazimika kuhamisha njia mara kadhaa, kufunga kamba za kudumu na kuweka ngazi. Wameyajua hayo kwa sababu wako juu kila wiki. Mwongozaji wa Kasese anajua ufa gani umefunguka mwezi uliopita.

Upande wa Kongo, nani anajua? Waongozaji na wapagazi wa Mutwanga walikuwa watu wa mlima kweli. Walijifunza kwa kuwafuata baba zao na kaka zao, walijua kwa rangi ya wingu kama ni heri kulala Kyondo siku moja zaidi, walijua dalili za ugonjwa wa mwinuko kabla ya mgonjwa mwenyewe kukubali: kichwa kinachouma, maneno yanayovurugika, mtu anayekataa kula. Wengine wamezeeka. Wengine wamekimbilia Beni, Butembo au ng'ambo ya mpaka, wanaendesha pikipiki au wanalima mashamba ya watu. Ujuzi wao haukuandikwa kitabuni. Kila mwaka unaopita bila wao kupanda, walichokijua juu ya barafu kinazidi kuwa habari za kale, na vijana waliopaswa kuwarithi hawajui hata njia ya kutoka Mahangu.

Walinzi wa Virunga hawawezi kulaumiwa kwa hilo. Zaidi ya 200 kati yao wameuawa katika historia ya mbuga hiyo, na leo kazi yao ya kwanza ni kubaki hai na kulinda wakaaji. Lawama inakwenda juu zaidi, kwa wale wanaopanga mambo Kinshasa na kuhesabu Ruwenzori katika hotuba za utalii, na picha yake ikibandikwa ukutani, bila kuuliza hali ya kamba za Ziwa la Kijivu wala paa la kibanda cha Kyondo.

Kinachotakiwa si fedha za kutisha. ICCN na viongozi wa jimbo wangeweza, tangu sasa, kuandika majina ya waongozaji wa zamani waliobaki, mahali walipo, na kuwalipa posho ya kuwafundisha vijana, hata kama mafunzo yenyewe yatafanyika kwanza Butembo, mbali na risasi. Wazee hao waulizwe na kurekodiwa kwa sauti yao, kwa Kinande na kwa Kiswahili: wapi palikuwa na barafu mwaka waliopanda mara ya kwanza, wapi ilikoma mara ya mwisho, upepo gani ulileta theluji. METTELSAT, shirika la serikali la hali ya hewa, lingefaa kuwa na kipimo cha mvua na baridi upande huu wa mlima mara usalama utakaporuhusu, ili Wakongomani wasiendelee kusubiri takwimu za jirani juu ya mlima wao wenyewe. Na siku ya kufungua njia, wapandaji wa kwanza wawe waongozaji na walinzi peke yao, bila mgeni hata mmoja, wakague ukuta kwa ukuta na kufunga kamba mpya. Mtalii mwenye dola zake angoje msimu mzima ikibidi. Haraka ya kukata utepe mbele ya kamera imeshawahi kuharibu mambo mengi katika nchi hii.

Kuna watakaosema barafu ikiisha Semliki itakauka, na kwamba hilo ndilo la kupigia kelele kuliko wapandaji wachache. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina msingi wa kutosha. Uchunguzi uliofanywa kwenye mito ya upande wa Uganda ulionyesha kwamba maji yatokanayo na barafu ni sehemu ndogo sana. Mito hiyo inalishwa na mvua, ikihifadhiwa na msitu na yale matope ya juu yanayowachosha wapandaji. Mto Butawu, unaozungusha mitambo ya umeme ya Mutwanga tangu mwaka 2013, unategemea zaidi msitu usikatwe kuliko barafu isiyeyuke. Hatari ya maji ipo mahali pengine. Mwezi wa tano mwaka 2020, mto Nyamwamba ulifurika upande wa pili wa mlima na kubomoa hospitali ya Kilembe. Mvua kubwa juu ya mteremko mkali haihitaji pasipoti, na anayejua hali ya njia za juu ndiye wa kwanza kuona mwamba uliolegea au bwawa lililozibwa na matope kabla halijashuka vijijini. Kwa maneno mengine, mwongozaji anayepanda kila mwezi anamfaa pia mama anayefua nguo kwenye Butawu.

Wakati huo huo, uvumi unasikika wa vijana wanaotaka kujaribu kupanda wenyewe, kwa ajili ya picha za simu. Wasijaribu. Si kwa sababu ya waasi tu. Vibanda havijulikani viko katika hali gani, kamba za zamani zimeoza kwa mvua ya miaka, na aliyevunjika mguu juu ya Kyondo hana wa kumshusha. Hata zamani, njia ikiwa na watu, kumshusha mgonjwa kutoka kule kulichukua siku mbili za wapagazi kupokezana machela kwenye tope.

Miezi ya kiangazi kidogo itakuja tena, mawingu yatapasuka asubuhi moja, na kutoka barabara ya Kasindi watu wataiona Ruwenzori nyeupe juu, wataonyeshana kwa kidole. Weupe huo mara nyingi ni theluji ya jana usiku. Kufikia saa sita ya mchana, chini yake utabaki mwamba mweusi, na hakuna Mkongomani aliyetumwa kuuangalia.