Tamko kwa Umma: Mama Aliyefiwa na Mtoto Tumboni ni Mzazi, Tena ni Mfiwa

Sisi, wanachama wa chama cha wazazi waliofiwa na watoto mimba ikiwa imekwisha kuwa kubwa, tumekutana Nyamirambo, Kigali, leo Oktoba 15, siku ambayo nchi nyingi huwakumbuka watoto waliofariki tumboni na wakiwa wachanga. Tunatoa tamko hili kwa majirani, waajiri, watumishi wa afya na viongozi wa dini.

Kila mwaka duniani watoto wapatao milioni 1.9 huzaliwa wakiwa wamefariki baada ya mimba kutimiza wiki 28. Zaidi ya 4 katika kila 10 hufariki uchungu ukiwa umekwisha kuanza. Sababu nyingi zinajulikana: shinikizo la damu, kondo kuachia mapema, kaswende, malaria, uchungu uliokawia mno. Mara nyingine daktari haoni sababu yoyote. Uchawi haumo. Wala si kosa la mama kugombana na mkwewe, kama inavyonong'onwa hadi msibani kwenyewe.

Kwa desturi yetu Wanyarwanda, aliyejifungua salama huhembwa: majirani humjia na uji na zawadi, na mtoto hupewa jina. Mtu mzima akifariki, watu hukaa na wafiwa kwenye ikiriyo, yaani matanga. Mama aliyefiwa na mtoto tumboni hapati hili wala lile. Mara nyingi mtoto huzikwa harakaharaka na wanaume wawili watatu, mama angali kitandani. Akirudi nyumbani, nguo za mtoto zimekwisha kufichwa na wageni wanazungumzia mvua. Anaambiwa, "Mungu atakupa mwingine." Huenda akampa, lakini atakuwa mwingine kweli, si yule.

Maziwa nayo hayangoji msiba uishe. Huanza kujaa siku chache baada ya kujifungua. Mama asaidiwe kwa kitambaa cha baridi, sidiria inayoshika vizuri na dawa ya maumivu, na asikamue sana. Titi likiwa jekundu na homa ikipanda, arudi kituo cha afya bila kukawia.

Wakunga na madaktari, tunawaomba mumuulize kama angependa kumwona mtoto wake na kumpakata. Asilazimishwe, asizuiwe. Panapopatikana nafasi, asilazwe katikati ya wanaonyonyesha. Wajumbe wa afya wa kila umudugudu, yaani kijiji, wamtembelee kama wanavyowatembelea wazazi wengine. Baba naye aulizwe hali. Kuambiwa "jikaze" hakujamtuliza mtu.

Waajiri wakumbuke kwamba sheria ya kazi ya mwaka 2018 inampa likizo ya wiki 8 mfanyakazi aliyejifungua mtoto aliyefariki kuanzia wiki ya 20 ya mimba. Hiyo ni haki, asiombe kama hisani. Muuza mboga wa soko la Kimironko hana mwajiri wa kumpa likizo, kwa hiyo tunavisihi vikundi vya kuweka akiba, yaani ibimina, vimwahirishie mchango wake mpaka apate nguvu.

Mama mjamzito, mtoto akipunguza kucheza usingoje kesho: nenda kituo cha afya usiku huohuo. Na wewe jirani uliyekuwa umejiandaa kwenda kuhemba, usighairi safari. Nenda na uji wako, kaa naye, muulize mtoto aliitwa nani.

Imetolewa Kigali na Kamati ya Uongozi ya Chama.