Dira Isiyokata Bomba: Altrasaundi na Takwimu za Upotevu wa Maji

Katika taarifa za utendaji wa mamlaka za maji zinazotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), kipengele kinachozua mjadala zaidi ni upotevu wa maji. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 20, ilhali wastani wa nchi katika miaka ya karibuni umekuwa juu ya asilimia 30. Hesabu yenyewe ni nyepesi: maji yaliyoingizwa katika mtandao hutolewa maji yaliyotozwa kwenye ankara, na tofauti huitwa upotevu. Upande wa ankara husomwa kwenye dira za maelfu ya wateja. Upande wa pili husomwa kwenye dira chache tu za mabomba makubwa, na hapo kosa dogo huwa na uzito mkubwa.

Dira ya kawaida ya bomba kubwa huwa na pangaboi linalozungushwa na maji, nalo huchakaa. Kulibadilisha kunahitaji bomba lifungwe. Jiji la Dar es Salaam hutegemea kwa sehemu kubwa mitambo miwili ya Mto Ruvu, Ruvu Chini wenye uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu wenye lita milioni 196. Wakazi waliopitia mgao wa mwishoni mwa mwaka 2022, mto ulipopungua, wanajua thamani ya saa moja ya bomba kuu kufungwa.

Teknolojia ya altrasaundi huondoa ulazima huo. Ni mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, ya jamii moja na yale yanayotumika kliniki kumtazama mtoto tumboni. Fundi hufunga vihisio viwili nje ya bomba, kimoja mbele ya kingine, na kupaka jeli ili hewa isizuie sauti. Vihisio hutumiana mlio kwa zamu. Mlio unaokwenda na mkondo hufika mapema kidogo kuliko unaopanda mkondo, na tofauti hiyo ya muda ndiyo inayoonesha mwendo wa maji.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Sauti husafiri majini kwa takribani mita 1,480 kwa sekunde. Katika bomba la kipenyo cha mita 1, maji yakienda mita 1 kwa sekunde na mlio ukikatiza kwa nyuzi 45, milio miwili hupishana kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Vifaa vya kisasa huumudu muda huo bila taabu.

Ugumu uko kwingine. Kifaa hupima mwendo, lakini ujazo hupatikana kwa kuzidisha mwendo huo na eneo la ndani la bomba, na eneo hilo fundi hulitaja yeye mwenyewe. Bomba lililotajwa hapo juu hupitisha karibu lita milioni 67.8 kwa siku. Likiwa la zamani na kuota utando wa milimita 5 ndani, kisha likaingizwa kwenye kifaa kama bomba jipya, eneo huzidishwa kwa takribani asilimia 2. Hizo ni zaidi ya lita milioni 1.3 kila siku ambazo hazikuwahi kupita, hakuna mteja aliyezipata, na mwisho wa mwezi huandikwa kuwa zimepotea. Unene wa chuma hupimika kutoka nje, tena kwa altrasaundi hiyo hiyo. Utando ni mgumu zaidi kuujua; kipande kilichokatwa wakati wa matengenezo huwa ushahidi mzuri, kikihifadhiwa badala ya kuuzwa kama chuma chakavu.

Mahali pa kufungia nako kuna masharti. Maji yanayotoka kwenye pampu au kona huenda yakizunguka, hivyo kanuni ya kawaida ni kuacha bomba lililonyooka la urefu wa mara 10 ya kipenyo kabla ya vihisio na mara 5 baada yake. Kwa bomba la mita 1 hizo ni mita 15, nafasi adimu katika vituo vingi vya pampu. Mapovu ya hewa nayo hutawanya sauti.

Ipo pia hali inayoweza kumpotosha msomaji wa taarifa hizi. Dira ya pangaboi iliyochakaa aghalabu husoma pungufu. Ikibadilishwa kwa altrasaundi iliyofungwa vyema, upotevu unaotangazwa unaweza kupanda ghafla bila bomba lolote jipya kupasuka: maji yalikuwa yakivuja tangu awali, ila hayakuwa yakihesabiwa. Kuihukumu mamlaka kwa ongezeko la namna hiyo ni kuiadhibu kwa kupima vizuri.

Dira ya nyumbani inaweza kung'olewa na kupelekwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Bomba la mita 1 halibebeki, hivyo uhakiki wake hufanyika palepale, kwa kifaa cha pili kilichohakikiwa au kwa kulinganisha na kina cha maji katika tangi lenye ujazo unaojulikana. Mwananchi anayehudhuria mkutano wa taftishi kuhusu bei za maji ana haki ya kuuliza ni lini dira za mitambo zilihakikiwa mara ya mwisho, na kipenyo kilichoingizwa kwenye kifaa kilitokana na kipimo au na michoro ya siku bomba lilipolazwa.