Mpita njia ndiye anayehitaji mbegu

Vijana wenzangu wa Rugerero, kuna neno moja limenichosha: "Sisi ni wapita njia, mbegu za nini?" Eti kesho tutahamishwa, basi tuvune yote, tule yote, msimu ujao shirika litaleta pakiti.

Hapana! Mvua haimsubiri mwenye kuleta pakiti. Msimu uliopita zetu zilifika wakati majirani wanapalilia tayari. Tena zilikuwa nyanya za haibridi. Mavuno ya kwanza, safi. Tukapanda mbegu zake, zikatoka nyanya za kila namna, hazifanani na mama yao. Haibridi ndivyo ilivyo. Lakini nani alituambia mapema?

Ndugu wa mashirika, msikasirike. Hapa hapa Rwanda, baada ya 1994, wengi walidhani maharagi ya wakulima yamepotea. Vituo vya utafiti vikaanzisha mpango wa Seeds of Hope ili kuyarudisha. Watafiti walipoenda kuuliza, kumbe aina nyingi bado zipo! Wakulima walizipata kwenye mavuno yao, kwa majirani na sokoni. Kilichowasumbua zaidi ni umasikini. Basi kabla ya kununua pakiti, muulizeni mama: una mbegu gani, unakosa nini? Pengine anakosa kipande cha udongo tu, ama franga za kununua maharagi ya mbegu sokoni.

Na sisi vijana tusiwaachie wamama kazi yote. Mbegu haitoki kwenye mabaki. Chagua mmea wenye nguvu, ufunge uzi, watu wa jikoni wasiuguse. Acha lengalenga moja tu izae: itakupa maelfu ya mbegu. Maharagi yaache yakaukie kwenye ganda, kisha yaanike vizuri. Ukiuma na jino lisiingie, yako tayari. Changanya na majivu makavu, jaza chupa kavu mpaka juu, funika sana, wadudu wakose hewa. Mbegu za nyanya ziache ndani ya maji yake siku mbili tatu, osha, anika. Andika jina na mwezi. Hapo umetumia franga ngapi? Sifuri.

Sasa turudi kwa "wapita njia". Wangapi wetu tulivuka mpaka Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka? Wangapi tulivuka Januari 2025, vita vilipoingia Goma? Tuliacha vitanda, mbuzi, hata masufuria. Ngumi moja ya maharagi inaingia mfukoni, na ukifika penye udongo, kwa miezi mitatu hivi unakula chako. Mwenye shamba la kudumu anaweza kuchelewa kuweka mbegu. Sisi hatuwezi.

Msimu huu, kila nyumba chupa moja. Yangu ya lengalenga iko tayari, anayetaka aje na karatasi nimgawie. Wewe utaleta nini?