Kazi si Ajira

Ukiulizwa "Je, unafanya kazi?" kisha ukaulizwa "Je, una ajira?", usidhani umeulizwa swali moja mara mbili. Mwanafunzi wa Kiswahili akiyachanganya maneno haya, hilo ni kosa la msamiati. Taifa likiyachanganya, ni kosa la haki.

Itazame Rwanda. Taasisi ya Taifa ya Takwimu ilianza Utafiti wa Nguvukazi mwaka 2016, na tangu 2019 hufanyika kila robo ya mwaka. Mdadisi hubisha hodi katika kaya zilizoteuliwa, akauliza kuhusu kila mwenye umri wa miaka 16 na zaidi: katika siku saba zilizopita, je, alifanya kazi ya malipo au faida, walau kwa saa moja?

Saa moja! Kijana aliyebeba magunia pale Nyabugogo asubuhi moja, kisha akakaa bure juma zima, huhesabiwa kuwa ana ajira. Mama aliyeinama siku sita akipalilia maharage ya kulisha wanawe, hahesabiwi. Naye asipotafuta ajira, hayumo hata miongoni mwa wasio na ajira. Ametoka jasho, lakini hayumo katika kiwango hicho tunachokitaja kila siku.

Je, wanatakwimu wametudanganya? Hasha. Kipimo hiki kilipitishwa Geneva, Oktoba 2013, katika mkutano wa 19 wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi. Azimio lenyewe linakiri kwamba kulima chakula chako ni kazi; linakataa tu kuiita ajira. Tena lina hoja: zamani kila mwenye jembe alihesabiwa kuwa ana ajira, na uhaba wa kazi zenye kipato ukajificha nyuma ya jembe hilo.

Lawama ni yetu sisi wasomaji. Twanyakua kiwango kimoja cha ukosefu wa ajira, twakitangaza, kisha twafunga ripoti. Kumbe kurasa zinazofuata zaeleza saa za kazi, ajira isiyo rasmi na wakulima wa kujikimu. Yule mama yumo humo. Asiposomwa, nani atamdai serikalini mbegu, maji na soko?

Basi, kila usikiapo takwimu ya ajira, uliza: Nani aliulizwa? Aliulizwa nini? Nani ameachwa nje? Na mdadisi akibisha mlangoni kwako, mjibu kweli. Majibu yako yanalindwa na sheria. Usiseme "mama hafanyi kazi, yupo tu nyumbani." Taja saa zake zote, za shambani na za jikoni.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho nalo ni mali.