Fedha ya Wafadhili Imekatika: Vyama Vifanyeje?



Wako wasemao kwamba shida iliyovipata vyama vya hisani tangu mwaka 2025 ni tufani ya muda, basi na tungoje itulie. Kwa rai yangu hawa wakosea.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani aliamuru misaada ya nchi za nje isimamishwe siku 90. Mwezi Machi serikali yake ikatangaza kwamba asilimia 83 ya kazi za USAID, idara iliyoanzishwa mwaka 1961, zimefutwa. Na tarehe 1 Julai idara yenyewe ikaacha kazi. Wala si Marekani peke yake. Uingereza ilishuka kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 ikatangaza itafika 0.3 mwaka 2027. Waliokata mara ya kwanza na waliokata mara ya pili ni wapinzani katika Bunge lao. Jambo wanalolifanya watu wasiopatana katika mengine si tufani hilo.

Sasa tazameni vyama vifanyavyo. Fedha ikipungua, wa kwanza kuachishwa ni karani wa hesabu, kwa hoja kwamba yeye hatibu mgonjwa wala hafundishi mtoto. Sisi tulioshika vitabu twajua mwisho wake: baada ya miezi michache hapana ajuaye shilingi ngapi ni za dawa na ngapi ni za kodi ya nyumba, na hata mfadhili aliyebaki huondoka. Afadhali liuzwe gari.

Tena fedha ya wafadhili aghalabu hutolewa kwa kazi maalum, haina ruhusa ya kuwekwa akiba. Hivyo chama chaweza kuipokea miaka kumi, na siku ikatikapo kisiwe na mshahara wa mwezi mmoja. Ada ya wanachama, ijapokuwa ndogo, haina kifungo hicho.

Wengine hutaja BRAC ya Bangladesh, iliyoanza mwaka 1972, na mwaka 1978 ikafungua maduka ya Aarong kuuza kazi za mikono za wanawake wa vijijini. Mfano ni mwema. Walakini duka lataka mtaji na mtu ajuaye biashara. Chama kidogo kikiiga tu, yamkini duka likala hata ile ada.

Lililo jepesi zaidi ni vyama viwili vya wilaya moja kuungana, wakatumia ofisi moja na karani mmoja. Halifanyiki kwa kuwa mwenyekiti mmoja atakosa kiti. Huku mgonjwa aliyezoea kupewa dawa aikuta zahanati imefungwa, wala hakuambiwa mapema.

Basi naomba kila mwanachama aliye katika kamati ya chama cha hisani amwulize mweka hazina, katika mkutano ujao, swali hili liandikwe katika kumbukumbu: tukikosa wafadhili leo, tutaishi miezi mingapi, na kazi ipi tutaiacha kwanza?